Mzee Boga Shutu, Aliyetupazia Sauti Miaka Ishirini na Miwili

Jumapili tarehe 30 Juni 1968, Mzee Boga Shutu wa Munje anastaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya habari ya wilaya miaka ishirini na miwili. Tutamuaga Jumamosi, siku moja kabla, hapa uani kwetu, saa nane mchana. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa meza yangu na yake zimetazamana miaka kumi na mitatu. Nilikubali upesi, kisha nikajuta, na sababu nitaieleza kabla sijaweka kalamu chini.

Aliajiriwa mwaka 1946, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, fundi baiskeli. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba betri na kufunga tarumbeta za sauti juu ya boriti, kila serikali ilipokuwa na neno la kuwaambia raia. Enzi hizo neno lenyewe lilikuwa kodi, kwa hiyo watu walimnunia kabla hajafungua mashine. Kule Samburu tarumbeta yake moja iliwahi kupigwa mawe ikapinda mdomo. Alirudi ofisini akaandika kwenye ripoti kwamba wananchi waliipiga tarumbeta kwa sababu ndiyo iliyoshindwa kukimbia.

Uhuru ulipokuja, Desemba 1963, alifunga tarumbeta sita uwanjani na kwa siku tatu hakurudi nyumbani. Alikula pale pale na kusali pale pale, kando ya betri zake. Kwa mara ya kwanza watu walimjia kumshika mkono. Mzee Boga si mtu wa machozi, lakini siku ile alilia mbele ya wote na wala hakujifuta.

Sasa niseme jambo ambalo halimo katika jalada lake. Ofisi iliajiri wawili ikapata wanne. Walioandikwa ni Mzee Boga na shemeji yake Chome, dereva wa lori letu. Wasioandikwa ni mkewe, Bi Biasha, ambaye ni dada yake Chome, na binti yao Esha. Esha alivuta nyaya na kumsaidia baba yake kwenye mashine. Bi Biasha alikuwa na kazi ya peke yake, ambayo sijapata kuiona kwingine.

Kila tamasha lilipoanza, mama huyu alitembea mpaka nyuma kabisa ya watu, pale wanaposimama wenye ng'ombe na wenye haraka. Mumewe alimtazama kutoka jukwaani. Leso ikiwa mabegani, sauti ni sawa. Akijifunga kiunoni, sauti haifiki, iongezwe. Akiiinua juu ya kichwa, sauti imezidi, ipunguzwe. Wageni walidhani ni mama mwenye joto. Sisi tulijua kwamba mtu wa mwisho kabisa uwanjani anasikia sawasawa na aliyekaa kwenye kiti cha mbele, na wilaya za jirani zilitutumia barua kutuuliza tunafanyaje.

Mzee Boga alikuwa na sheria moja, kali kweli kweli. Kidude cha sauti hakiguswi na mtu mwingine. Esha alikulia kando ya mashine ile na hajapata kukitia kidole. Mimi mwenyewe niliwahi kukielekezea tu, nikaambiwa niende nikacheze na taipureta yangu.

Mwaka 1962 hivi, nikaanza kuona mambo. Nilimwamkia kutoka nyuma, shikamoo Mzee, nisijibiwe, naye ni mtu wa adabu asiyeweza kuiacha shikamoo ikaanguka chini. Simu ya mezani ikalia mpaka ikachoka, naye ameketi mbele yake anakunywa chai. Miaka yote ile ya kutega sikio mdomoni mwa tarumbeta ili ajue kama inakwaruza ilikuwa imemla masikio. Nyumbani walikuwa wanajua. Walikaa kimya, kwa sababu fundi wa sauti asiyesikia hana kazi, na bila kazi ile Mzee Boga angejiona si kitu. Ofisini nilijua mimi, nami nikakaa kimya. Leso ya mkewe ikawa ndiyo masikio yake, na kwa miaka mitano hakuna aliyeona tofauti. Nani mwingine angeweza hivyo? Mimi nisingeweza.

Agosti mwaka jana likaja tamasha la Msambweni. Ngoma zilitoka Shimoni mpaka Kinango, na uwanja ulijaa mpaka watoto wakapanda juu ya lori. Mgeni rasmi, bwana mmoja mkubwa kutoka Nairobi, alisimama akasema kwamba serikali itajenga wodi ya akina mama kujifungulia. Lo! Wanawake waliruka. Vigelegele vilipasua anga, na leso mia mbili zikainuliwa juu kwa mpigo mmoja zikipepea.

Mzee Boga alitupa macho nyuma kumtafuta mkewe, akaona leso zote ziko juu. Mtu anayesikia angesikia vigelegele. Yeye aliona amri ya kupunguza, tena amri ya watu mia mbili, akakizungusha kidude mpaka mwisho. Mgeni alikuwa ameanza kutaja kijiji itakapojengwa wodi ile. Tuliona midomo yake inacheza bila neno kutoka. Aliigonga maikrofoni mara mbili, akageuka, akapiga kelele kuuliza ni nani aliyemzima. Mzee Boga alimwangalia akatabasamu na kuitikia kwa kichwa, akidhani anashukuriwa.

Esha alikuwa kando yake, mkono wake shibiri moja kutoka kwenye kidude. Hakukigusa. Aliniambia baadaye kwamba kuusukuma mkono wa baba yake mbele ya kadamnasi ile kungekuwa sawa na kumvua nguo. Mgeni aliketi kwa hasira na hakusema tena, na mpaka leo hakuna anayejua kijiji kilichotajwa. Munje wanasema ni kwao, Shimoni wanasema ni kwao, na wodi yenyewe haijaonekana. Bi Biasha alikuwa nyuma, leso yake imetulia mabegani, akilia.

Jioni ile ile tulisimamishwa sote mbele ya mkubwa wetu. Kabla Mzee Boga hajaelewa anaulizwa nini, Chome akatangulia mbele. Alisema kosa ni lake, kwamba alipita nyuma ya lori akaukanyaga waya wa betri ukachomoka. Alisema uongo ule bila kupepesa macho. Alipewa barua ya onyo siku ya tatu yake, na katikati ya Septemba ikaamuliwa kwamba afukuzwe. Ana watoto saba na miaka kumi na saba ya usukani bila ajali hata ya kuku.

Wiki mbili baadaye barua ya kumfukuza Chome ikazuiwa. Badala yake Mzee Boga akapelekwa hospitali kupimwa masikio, na jibu likawa lile tulilolijua, naye akaachwa amalizie muda wake mpaka Juni hii. Ofisi ilikuwa imepata barua nyingine iliyoeleza ukweli wote, leso na masikio na miaka mitano. Jina la mwandishi halikutajwa. Mzee Boga alikaa akapiga hesabu yake. Siri ilikuwa ya nyumbani. Aliyepona kwa barua ile ni Chome. Basi ni Chome.

Siku ya Idd, Januari, Chome alikwenda Munje kumpa shemeji yake mkono wa Idd. Mzee Boga aliuacha mkono ule hewani akaingia ndani. Tangu siku hiyo hawasemezani. Bi Biasha amekaa katikati ya mume na ndugu kama mtu aliyeshikwa mikono miwili na kila mmoja anavuta kwake. Esha ameacha kuja ofisini. Kazi zote tangu Idd Mzee Boga amezifanya na vibarua, na tamasha la Pasaka kule Kinango tarumbeta zilipiga mbinja saa nzima, watu wakaziba masikio na kuondoka mmoja mmoja, naye hana habari.

Huyu ndiye mtu tunayemuaga. Amepandisha tarumbeta kila kijiji chenye uwanja, kutoka Samburu mpaka Shimoni. Amefundisha mafundi wanne ambao sasa wako wilaya nyingine. Hajawahi kuchelewa, hajawahi kuiba hata skrubu. Ofisi itampa saa ya mkononi na hotuba tatu. Wakubwa watasimama, watamsifu kwa sauti kubwa, naye ataitikia kwa kichwa na kutabasamu asisikie hata neno moja. Ndiyo maana nimeomba ukurasa huu uchapwe na umfikie mapema, kwa kuwa kusoma anasoma, mpaka matangazo ya vifo.

Basi sasa nakuambia wewe, Mzee Boga. Ahsante kwa miaka ishirini na miwili. Ahsante kwa chai uliyonimiminia kila asubuhi kabla hujajimiminia wewe. Barua ile niliiandika mimi, usiku wa tarehe ishirini na mbili Septemba, kwa taipureta hii hii. Nilimwona mtu asiye na kosa anakwenda kufukuzwa, nikashindwa kunyamaza, kisha nikashindwa kusema kwamba ni mimi. Miezi tisa nimeketi mbele yako nikikutazama unamchukia mtu aliyejitoa kafara kwa ajili yako. Chome hakumwambia yeyote neno lolote. Wallahi hakusema.

Mungu akupe uzee wa raha na jamaa waliokuzunguka. Jumamosi Chome ndiye atakayeendesha lori, na atasimama nje ya ua kama anavyosimama siku hizi. Mwite ndani, Mzee. Mimi usinipe mkono.

Nzai Tsuma
Karani