Mwanamke wa Hewani

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mbali. Na wewe mkwe wangu, uliyesimama mlangoni kama mpima ardhi, ingia ukae, maana nimekuona ukiutazama ule mlingoti wa juu ya paa kwa jicho la mnunuzi wa vyuma chakavu, na jicho hilo mimi nalijua.

Marehemu baba yenu alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache mezani, lakini kila jioni alijifungia chumba cha nyuma na redio yake ya ridhaa, ile ya kuzungumza hewani na watu wa mbali, na humo maneno yakamjaa tele. Siku moja nikatega sikio, nikasikia mwanamke akimwambia, "Nakupata vizuri sana leo." Nikajiuliza, anampata vizuri mume wa nani? Sikupiga kelele, kwani simba mwenda pole ndiye mla nyama, nilimwambia tu, "Mume wangu, nifundishe na mimi." Akafurahi, maskini, asijue anamfundisha askari wake. Akanionyesha kusubiri zamu, kutaja jina la hewani herufi kwa herufi, kuchaji betri kabla mawingu hayajatanda, kuita msaada kwa maneno mafupi. Nikafanya mtihani wa leseni na vijana wasio na ndevu, nikafaulu, na tangu hapo kila walichosema nilikisikia: nyaya, mvua, betri. Nikazidi kushuku. Watu wazima wawili, kila jioni, betri tu?

Kisha mto ukavunja kingo, baba yenu yuko kazini ng'ambo ya mto, nanyi wadogo, maji yanapanda ngazi na simu zote zimekufa. Nikawasha redio, nikaita; aliyeitikia ni yeye, yule mwanamke.

"Nakusikia, dada. Mko wapi, na mko wangapi?"

Nikashika kitufe bila kukibonyeza. Niliwaza: huyu akijua tulipo atatuacha tuzame, abaki na fundi wake. Ndipo wewe, kitinda mimba, ukakohoa begani mwangu, nikasema yote: nyuma ya karakana ya mbao, ghorofani, watoto watatu. Akapeleka habari kwa waokoaji, boti ikaja kabla ya giza, na muda wote huo hakuniacha peke yangu. Nikamuuliza, "Wewe na mume wangu mna nini?" Akasema, "Dada, maji yamefika wapi sasa?"

Hajanijibu mpaka leo, na mpaka leo sijamwamini sawasawa, ingawa nyote mnapumua kwa sababu yake.

Haya. Nyumba ni yenu watatu, asiiuze mmoja kwa siri. Cherehani ni ya mkubwa. Redio ni yako, wa kati, lakini kasome kwanza upate leseni, na mlingoti asiuguse mtu. Msiniambie simu zipo. Siku ile pia zilikuwepo.

Nipeni maji... kidogo. Basi. Muwe na macho, wanangu, anayecheka nanyi mchunguzeni meno... lakini sauti ikiita msaada, iwe ya nani, mwitikieni kwanza. Kumshuku kutafuata.

Mungu awafungulie njia... awape masikio... Radhi zangu mnazo nyote, mnaoaminika na... na msioaminika. Shikaneni mikono. Hivyo... hivyo hivyo.