Paa la Kapernaumu: Maisha ya Fundi Barnaba Okeyo Odero

Marehemu Okeyo alizaliwa Machi 14, 1968, Rarieda, kaunti ya Siaya, kitinda mimba wa Mzee Odero na Mama Filister. Alisoma mpaka darasa la saba. Hesabu ilimkataa, naye hakuibembeleza.

Mwaka 1987 kaka yake Osewe alimpokea Kambi Muru, Kibera, akamfundisha kuezeka mabati. Mwaka 1996 alimuoa Trizah Aoko, wakahamia Kawangware, Mungu akawajalia Magdaline na Adhis.

Wahubiri huwasifu wale wanne waliotoboa paa Kapernaumu ili wamshushe mgonjwa wao mbele ya Yesu. Okeyo aliwauliza wenzake wa maombi ya Jumatano, "Sawa, na paa nani aliziba?" Walicheka sana. Yeye hakucheka. Alisema imani inayotoboa paa la watu lazima irudi na nyundo, na Jumamosi alikuwa akiwazibia wajane mabati bila kuitwa.

Lakini paa moja lilimshinda. Mwaka 2013, kwenye mazishi ya baba yao, alimwaibisha Osewe mbele ya waombolezaji, eti alimtelekeza mzee. Haikuwa kweli. Hawakusemezana miaka kumi na moja. Mara tatu marehemu alifika Sarang'ombe, Kibera, anakoishi Osewe, kuomba msamaha, akarudi kabla ya kubisha. "Nitaanzia wapi, Mama Maggy?" alimuuliza Trizah.

Juni 9, 2024 alipatwa na kiharusi. Alilazwa juu ya ubao apelekwe hospitali, lakini kichochoro kilikuwa chembamba, ubao ukakataa kona. Wenzake wanne wa maombi wakang'oa mabati mawili ya paa lake, wakamtoa kwa juu. Ndiyo, hivyo hivyo.

Kesho yake mawingu yalitanda. Trizah alirudi kutoka hospitali akamkuta Osewe juu ya paa, misumari mdomoni, na miaka yake sitini na sita. "Shemeji, nipitishie hilo bati," akasema. Trizah alimpitishia, akamweleza yote huku akilia.

Jioni Osewe aliketi hospitalini kando ya kitanda cha ndugu yake. "Nimeziba," akamwambia. "Na zile mara tatu za Sarang'ombe nimesikia. Mimi nimehesabu ulifika." Marehemu hakuweza kusema. Alimshika mkono, akalia, na hakuuachilia mpaka alipolala.

Alifariki Juni 12, asubuhi. Ameacha mjane Trizah, mabinti Magdaline na Adhis, wajukuu wawili, na kaka yake Osewe.

Pumzika kwa amani, fundi. Nyumbani hakuvuji.