Mwalimu Silasi Kwangu, Mtu wa Maneno Mawili

Mwalimu Silasi Kwangu alizaliwa Nyamuswa, Bunda, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa mwisho wa marehemu mzee Kwangu na mama Wankyo. Kamati ya mazishi iliandika wasifu wake wa kurasa nne. Mama yake akakataa, akasema Silasi mwenyewe angebakiza ukurasa mmoja.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Nyamuswa, akamaliza 1993, sekondari Musoma hadi 1997, halafu ualimu. Tangu 2003 alifundisha chuo cha ualimu huko Bunda. Wanafunzi walikuwaga wanaiogopa kalamu yake nyekundu. Stanislausi, huyu aliyebeba jeneza leo, alimpelekea kazi ya kurasa kumi na mbili kuhusu utoro shuleni, ameanzia dunia ilivyoumbwa.

"Mwalimu, nimeiandika wiki nzima!"

"Jibu liko ukurasa wa tisa. Anzia hapo."

"Na hizo nane?"

"Wape mbuzi."

Mwaka 2008 alimuoa Sabina kanisani Nyegina. Bwana harusi alipoombwa neno, alisema, "Nimempata," akakaa.

Nyumbani alikuwaga vilevile. Meseji yake kwa mama yake ni "Ng'ombe?" basi. Alipokuja likizo mama alimfokea: "Wewe, hata mimi unanikatia maneno kama hao wanafunzi wako? Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, mama. Lakini si ulielewa?"

Alielewa.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Kwa mama yake alisema anaumwa kidogo. Sabina akadhani mama ameelezwa yote. Jumamosi tarehe 29 Juni 2024, akiwa amelazwa Musoma, aliandika: "Mama njoo." Mama aliona ni meseji zake za siku zote. Pamba ilikuwa imepasuka shambani. Akamjibu, "Nikimaliza pamba." Naye akajibu, "Sawa."

Siku hiyo moja ndiyo alitakiwa kuongeza neno, hakuongeza. Mama naye hakuuliza. Hajamsamehe, wala hajajisamehe mwenyewe.

Mwalimu alifariki Jumanne tarehe 2 Julai, saa nne asubuhi. Mama alikuwa stendi ya Bunda, anasubiri basi la Musoma lijae. Pamba aliyomaliza kuvuna imo kwenye magunia hadi leo, haijaguswa.

Ameacha mjane, Sabina, watoto wawili, Bhoke na Dotto, na mama yake.

Silasi, mama amekuja. Pumzika.