Marehemu Teunis Schuurman na Jumapili ya Barafu

Marehemu Teunis Schuurman, ambaye historia yake inasomwa hapa na mkwewe Wouter kwa niaba ya familia, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1934 hapa Wolfsbroek, mtoto wa tano wa mwokaji mikate Evert na mkewe Jannigje, na kabla ulimi wake haujakomaa alikwishajua kwamba Jumapili mtu haendeshi baiskeli, haaniki nguo wala hapigi mluzi.

Alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1948, akasifiwa kwa hesabu na kwa kuteleza barafuni, kisha akaanza kuoka mikate na baba yake, kazi isiyo na nafasi tangu Jumatatu hadi Jumamosi, hivyo kila barafu nzuri akawa anaiangalia dirishani.

Tarehe 14 Mei 1959 alifunga ndoa na Hendrikje Bos, wakajaliwa binti mmoja, Aaltje. Mwaka 1974 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, akaishika kazi hiyo kwa moyo wote, hata aliyeanika shuka Jumapili alizianua mbio akimwona anakuja. Mwaka 1985, Wouter alipopeleka posa kwa Aaltje, marehemu aliikataa, kwa kuwa kijana huyo alionekana akiteleza barafuni Jumapili, na tangu hapo Aaltje akawa anamwandalia baba yake chakula huku akiutazama ukuta.

Jumapili tarehe 23 Februari 1986, baada ya ibada ya asubuhi, marehemu alimuaga mkewe kwamba anakwenda kumjulia hali ami yake mgonjwa, akatia viatu vya kutelezea barafuni ndani ya mfuko wa mikate, akaendesha gari hadi ziwa la mbali asikojulikana, akashusha kofia hadi kwenye nyusi. Alikuwa na miaka hamsini na moja, akateleza kama kijana, akalia machozi akasingizia upepo. Kisha akasikia kikohozi anachokifahamu, cha mtunza hazina wa kanisa. Mbele kidogo alikuwapo Mchungaji Boogert, mikono nyuma, akikata kona kwa ufundi, na karibu baraza zima la wazee, kila mmoja na kofia yake usoni, wakikimbiana kuzunguka ziwa, na kwa kuwa ziwa ni duara, wakizidi kukutana.

Marehemu alipogeuza uso asionekane, kiatu kiliingia kwenye ufa, akaanguka, mguu ukavunjika. Wote wakasimama. Kumsaidia kulikuwa kujitangaza, kumwacha kulikuwa kumwacha ndugu afe kwa baridi. Mchungaji akaja polepole, akainama.

“Ndugu Teunis, mimi sijakuona.”

“Nami sijakuona, Mchungaji, lakini mguu umevunjika.”

Walimbeba wote, na Hendrikje alipofungua mlango akakuta baraza zima, mashavu mekundu, akauliza kwa upole kama ami alikuwa amelala juu ya barafu.

Jumapili iliyofuata, mguu ukiwa kwenye plasta, marehemu aliomba kusema kanisani, akaeleza alikoanguka na siku aliyoanguka, akaketi, huku akingoja kufukuzwa. Mtunza hazina akakohoa, akasimama. Kisha wengine. Wa mwisho alikuwa Mchungaji, ambaye tayari alikuwa amesimama mimbarani, ikambidi aketi kwanza ndipo asimame. Mwezi wa Juni Wouter alimwoa Aaltje, wakampa marehemu wajukuu watatu.

Hata hivyo hakuteleza tena Jumapili maishani mwake. Aaltje alipomuuliza kama bado anamwogopa Mungu, alijibu, “Na Mungu tumeshaelewana, mwanangu. Kazi ni jirani Geesje.”

Aliugua moyo tangu mwaka 2017, akafariki nyumbani Ijumaa tarehe 18 Januari 2019, Hendrikje akimshika mkono. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waokaji wenzake waliotuletea mikate ya msiba, wazee wa kanisa, na majirani wote, Bibi Geesje akiwamo, ambaye ndiye wa kwanza kuona taa yetu ikiwaka alfajiri ile na wa kwanza kubisha hodi.

Lala salama, baba. Leo ni Jumatano, hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi.