Tairodi Niliyoipaka Rangi

Sogeeni karibu, wote wawili, na mlango wa mbele uacheni wazi kama ulivyo, maana nataka niwe nalisikia lile gari huko uani wakati nasema, na sijui kifua hiki kitanipa muda gani kabla hakijanikata kauli.

Wewe mkubwa, usitazame saa. Najua mkeo ameshakaa kiti cha mbele, najua wajukuu zangu wanne wamepangwa nyuma pamoja na mabegi, na najua kuna mteremko wa kona kumi na tisa kabla hamjafika kwa wakwe zako. Jana ulipoomba ufunguo nilikupa, na tangu nikupe sijalala. Haya ninayosema ni wosia, yashikeni kama wosia, lakini la kwanza ni amri: gari lile lisitoke uani leo.

Unamwangalia dada yako. Unadhani homa ndiyo inayosema. Niache nimalize.

Mnanijua. Miaka thelathini nimezunguka na daftari nikisoma mita za maji za watu, na ufundi wa magari sikufundishwa na mtu yeyote. Lile gari la Kijapani nililikokota kwa kamba kutoka kwenye majani, halina injini, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, na mama yenu, Mungu amrehemu, akaniuliza kama nimenunua gari au banda. Kila siku ya mapumziko nilikuwa chini yake. Injini ya dizeli nikaitoa kwenye gari lingine la aina ile ile, lile bodi lililobaki nyuma ya choo, nikaifungua na kuifunga mara tatu ndipo ikakubali. Nilichojua nilikijua kwa kuvunja na kurudia. Na nilijisifu kwamba mimi ni mtu wa kunyoosha mambo. Mnakumbuka mwalimu aliyekuja kununua lile gari letu dogo jeupe, nikamwandikia karatasi nzima ya ubovu wake, mpaka kiti kinachobana suruali, naye akaikunja akasema, "Mzee, hapa unauza gari au unanitishia?" akaondoka zake. Nilicheka wiki nzima. Basi mtu huyo huyo, baba yenu, amewadanganya, na uongo wenyewe uko chini ya gari lile, mbele, nyuma kidogo ya bampa.

Nilitaka kulinyanyua. Nilitaka likae juu, lipite kwenye mawe na mito bila kugusa tumbo, kwa hiyo nikaweka springi ndefu na shokapu ndefu, likasimama kama ngamia, nami nikalizunguka siku nzima kama bwana harusi. Lakini gari ukilinyanyua, kila kitu cha chini kinahama mahali pake. Kile chuma kirefu kinachotoka kwenye usukani kwenda kuyasukuma magurudumu, tairodi, kikawa kifupi, na usukani ukakaa upande. Nikaona dawa yake ni kuikata katikati, nitie kipande cha bomba, niichomelee.

Baba yenu mdogo, Cheche, ndiye mchomeleaji, si mimi. Mnamjua, hakuna geti mtaani humu ambalo mkono wake haujaligusa. Nikampelekea ile tairodi, akaigeuza mara moja tu, akaniwekea mkononi. Akasema, "Kaka, mimi nitakuchomelea geti, nitakuchomelea kitanda, nitakuchomelea hata miguu ya meza yako ya chai. Hiki sichomelei. Tafuta kizima kinachofikia." Nikamwambia anaogopa kazi. Wateja wake walikuwa wamekaa pale kwenye benchi, nao wakacheka, na yeye akasema mbele yao, "Kaka, wewe soma mita, chuma tuachie sisi." Wanangu, mnazijua hasira zangu. Nilikuwa na spana ya kumi na saba mkononi nikamrushia, ikampita sikioni ikagonga mtungi wa gesi, na benchi lote likakimbia. Yeye hakukimbia. Aliiokota, akanirudishia, akasema, "Utaihitaji." Tangu siku ile ni miaka kumi na moja. Hata tulipomzika mama yenu tulipeana mikono kila mtu akitazama pembeni.

Nikaazima mashine, nikaichomelea mwenyewe. Nikaisaga kwa grinda mpaka ule mshono ukalala laini, nikaipaka rangi nyeusi. Ilikaa. Kila mwaka uliopita bila kukatika niliuhesabu kama ushindi juu ya ndugu yangu, na kila safari tuliyorudi salama nilipita makusudi mbele ya karakana yake, dirisha wazi, mkono nje.

Bado linanguruma. Mwambie mkeo alizime, au kaza moyo unisikilize kwanza, maana usipoisikia sababu utalizima sasa na kuliwasha kesho nikishakwenda.

Mwezi mmoja kabla sijalala kitanda hiki, usukani ulianza kucheza mkononi. Nikaingia chini. Kwenye ule mshono wangu kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, umezunguka karibu nusu ya chuma, na kutu imeanza kuchuruzika. Nilijua ninachokiona. Nilikuwa nimeshika spana ya kuitoa tairodi pale pale, na wewe kitindamimba ukaja na taa, nikasikia kandambili zako kwenye kokoto, na badala ya kukuambia mwanangu chungulia, baba yako amekosea, nikachukua brashi nikaipaka rangi. Uliniuliza mbona rangi mbichi. Nikasema nazuia kutu. Ulikuwa umejifunza kazi kwangu, uliniamini, ukapiga grisi ukaenda kuosha mikono. Nikajiambia nitaitoa wiki ijayo, peke yangu. Kila wiki nikasema ijayo, na ya nne ndiyo mlinibeba.

Usiiname hivyo. Kosa si lako, hukuona kwa sababu nilihakikisha huoni.

Na jana, mkubwa, ulipokaa hapo ukasema gari lako limekufa njiani na lile la baba ndilo pekee unaloliamini kuwafikisha wanao, ulinichoma kwa sifa. Nikatoa ufunguo chini ya mto nikakupa.

Unasema mtakwenda polepole. Polepole ya wapi, mwanangu, na gari zito, limenyanyuliwa, watoto wanne nyuma. Chuma kile kikiachia kwenye kona, usukani utazunguka mkononi mwako kama mfuniko wa sufuria, na magurudumu yataelekea yanakotaka. Unasema mbona mimi nililiendesha miaka yote. Nililiendesha kwa ujinga, na mwezi ule wa mwisho nililiendesha kwa kiburi, na hakuna hata kimoja ninachotaka ukirithi.

Nenda ukalizime wewe mwenyewe. Usimtume mtu. Lete ufunguo umpe dada yako, si mimi, mimi nimeshaonyesha nautumiaje.

Amekwenda? Haya, wewe sogea, sauti inashuka. Shika haya na yeye utamwambia. Tairodi hiyo utaitoa leo kabla ya kula. Boliti ya upande wa kulia itakusumbua, ipige mafuta uisubiri, usiilazimishe. Chukua brashi ya waya uikwangue rangi yote, yote, mpaka ule ufa uonekane hata kwa asiyejua, halafu uibebe mkononi, usiifunge kwenye gunia, upite nayo barabarani mchana watu wakiona, uende nayo kwa baba yako mdogo. Usimpelekee salamu za kuzungusha. Mwambie, kaka yako anasema ulimwambia kweli. Basi. Akikaa kimya mwachie chuma mezani pake uondoke, ni haki yake kukaa kimya. Akiuliza kama namwita, mwambie ndiyo, na aje haraka. Na gari lile asiliendeshe mtu mpaka yeye aingie chini akaze tairodi nzima kwa mkono wake, hata ikichukua mwaka.

Umerudi. Kaa. Mbona naona... ah, nimesikia, limezima. Magoti yako yana vumbi, umepita ukachungulia chini, sivyo? Mpe dada yako ufunguo.

Nyumba ni yenu wawili, msiweke ukuta katikati. Vifaa vyote vya ukutani ni vya dada yako, asije mwanamume wa ukoo huu akasema msichana na spana wapi na wapi. Gari ni lake pia, likishapona. Lile bodi nyuma ya choo gawaneni, na atakayekuja kuomba taa au mlango mpeni, mimi pia nilipewa. Atakayekuja kuuziwa kitu chochote changu, mwandikieni ubovu wake kwanza. Anzeni na wangu, nikizikwa msiseme nilikuwa mnyoofu, semeni nilichelewa.

Ngoja nipumue.

Milango. Nasikia milango. Huo wa mkeo. Huo wa kushoto, wameshuka wawili, wanagombania begi. Wa tatu huyo anauliza kwa nini. Kuna mmoja bado. Yule mdogo, aliyekaa nyuma kabisa, mlango ule wa nyuma unafunguka kwa nje tu, nendeni, mmoja wenu, mshusheni... sitaki aketi mle hata likiwa limezima.

Wewe baki unishike mkono. Mungu awape macho ya kuona kosa kabla halijakauka. Awape ulimi mwepesi kuliko wangu. Awapatanishe mkikosana, siku ile ile. Njia zenu... njia zenu ziwarudishe nyumbani, nyote, idadi kamili.

Ameshuka? Analia. Anasema aliahidiwa safari.

Mwacheni alie.