Mama Pasi, Aliyenyoosha Mashuka na Timu

Ndugu waombolezaji, kabla ya yote familia inaomba radhi kwa namna historia hii itakavyosomwa, kwa sababu aliyepewa kuisoma ni mdogo wake marehemu, kitindamimba wa nyumba, mtu aliyezoea kushika kipaza sauti kwenye harusi na asiyejua kusoma jambo lolote bila kulipinda, na kwa kulijua hilo shemeji yake, yaani mume wa marehemu, ameipitia karatasi hii mara mbili kwa kalamu nyekundu, akakata vichekesho kumi na kimoja, akaacha vinne, wala hakumwambia msomaji ni vipi, kwa hiyo mkifika mahali pa kucheka, chekeni kwa tahadhari. Shemeji ameandika pia pembeni mwa ukurasa wa tatu, kwa herufi kubwa, USIRUKE, maana lipo jambo moja ambalo marehemu amelibeba kwa miaka ishirini na mitano, kwamba yeye, mwalimu wa pasi, ndiye aliyeinyima timu ya hospitali kombe kwa kukataza pasi, na familia imeazimia kwamba hatateremshwa kaburini na uongo huo juu yake, na mwenye kosa atatajwa leo hii, hapa hapa, kabla hatujanyanyuka.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956, katika nyumba namba kumi na nne, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mlinzi wa geti la kiwanda hicho na mkewe mshonaji, na inasemekana kitu cha kwanza alichokishika kwa nguvu maishani ni mpini wa pasi ya mkaa ya mama, ambayo kwa bahati ilikuwa baridi.

Alianza shule ya msingi Januari 1963 akamaliza 1969, akaendelea na sekondari kuanzia 1970 hadi 1973, ambako aliongoza katika sayansikimu, akawa wa tatu katika uandishi, na katika hisabati hakupasi, jambo ambalo yeye mwenyewe alipenda kulisema kwa watu wasiomjua vizuri, kwamba pasi zote duniani zilimtii isipokuwa hiyo moja.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa hospitalini, idara ya ufuaji, kama mpiga pasi daraja la pili, katika chumba kirefu chenye madirisha sita na meza ya mbao ya kukunjia mashuka yenye urefu wa hatua tano, na kwa muda wa miaka arobaini hakuna shuka lililotoka chumba kile likiwa na mkunjo, na kama lilitoka, basi siku hiyo marehemu alikuwa likizo. Ni katika chumba hicho alikokutana na fundi umeme wa hospitali, aliyeitwa kutengeneza pasi moja iliyoharibika, na pasi hiyo ikaharibika tena mara saba ndani ya mwezi mmoja, hadi msimamizi wa idara akamwuliza fundi, "Wewe bwana, unatengeneza pasi au unaposa?" naye akajibu kwamba anafanya vyote ila kimoja kinakawia, na kikaacha kukawia tarehe 15 Desemba 1979, walipofunga ndoa mbele ya jamaa na marafiki, wakajaliwa watoto watatu, binti mmoja ambaye leo ni mwalimu wa shule, na mapacha wa kiume, fundi bomba na dereva, pamoja na wajukuu saba.

Sasa tunaingia kwenye magongo. Mwezi Machi 1985 timu ya hospitali ya mpira wa magongo, ambayo ni ya wanaume na wanawake pamoja, ilikuwa imefungwa mabao tisa kwa bila kwa mara ya pili mfululizo, na mwalimu wake, mzee mmoja mstaafu aliyewahi kufundisha jiografia, akaiandikia ofisi ya utawala barua ya mstari mmoja, kwamba timu inahitaji haraka mtu wa pasi. Karani wa masjala, aliyeamini kwamba mchezo wenyewe ni wa watu kuchapana fimbo, akafungua orodha ya watumishi, akateremsha kidole, akakuta mpiga pasi daraja la pili, akagonga muhuri. Basi tarehe 11 Machi 1985, saa kumi na dakika kumi alasiri, marehemu akatokea uwanjani na pasi ya umeme kwapani, waya ameuzungusha mkononi, akasalimia vizuri, akauliza jezi ziko wapi na umeme wanachomeka wapi. Waliokuwepo wanasema golikipa alikaa chini kwa kicheko, na mwalimu wa jiografia akajaribu kumwelewesha kwa upole, "Mama, hapa pasi tunayosema ni ya mpira," naye akaitoa barua, akauonyesha muhuri, akasema, "Mimi nimeandikiwa, sirudi bila kazi, nionyesheni hiyo ya mpira."

Wakamwonyesha. Akageuza ndoo, akaikalia nusu saa, kisha akasimama akakung'uta sketi na kutamka maneno ambayo baadaye yaliandikwa kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya vifaa na hayajafutwa mpaka leo, "Nyie hampigi pasi, mnapiga nyoka."

Kuanzia siku ile wachezaji walipelekwa chumba cha kufulia, wakasimamishwa pande mbili za ile meza ndefu, wakapewa pasi ya mkaa ya zamani, nzito, isiyo na moto, ambayo marehemu alirithi kwa mama, wakaamriwa waisukume mmoja kwenda kwa mwenzake, ifike mkononi mwake na isimame hapo, isipungue akalazimika kujinyoosha, isizidi ikamwangukia mguuni, na daktari mmoja wa meno aliyeizidisha alichechemea wiki mbili, ila tangu hapo hakuna aliyepima pasi kumshinda. Aliwaambia kwamba hakuna mtu anayeinua pasi juu akaibamiza kwenye shati, pasi inawekwa kwanza kwenye nguo, halafu inasukumwa, na gongo ni hivyo hivyo, likae nyuma ya mpira, ligusane nao, mguu wa kushoto utangulie, magoti yalegee, mkono wa juu uongoze na wa chini usukume, na mpira uondoke kimya. Walipohamia uwanjani aliwapanga wawili wawili, hatua tano, pasi ishirini mfululizo, na ukisikika mlio wa "ko" wa gongo kuupiga mpira, mnarudi kwenye moja, na wapo walioanza kuhesabu Jumatatu wakafika ishirini Alhamisi. Akaweka makopo mawili ya sabuni ya unga, upana wake foronya moja, mpira upite katikati. Akawapanga pembetatu, unatoa pasi unakimbia kuifuata, ili asiwepo mtu wa kutoa mpira halafu akasimama kuutazama kama anaaga mgeni. Na zoezi alilolipenda kuliko yote, alisimama nyuma ya mpokeaji akiinua vidole, na mtoaji lazima aitaje idadi kabla mpira haujatoka, ajifunze kuinua kichwa, na aliyesema vitatu kumbe ni viwili alipelekwa kuanika mashuka.

Mpokeaji naye alikuwa na wajibu wake, gongo lake liguse ardhi, akiwa tayari, na hilo marehemu alilipa jina la gongo chini, akasema mtu mwenye gongo chini ni sawa na mtu aliyekunyooshea mkono, ukimpita hujamnyima mpira, umemnyima salamu. Mwaka 1987 mwalimu wa jiografia akamwachia timu yote, jina la Mama Pasi likamganda, na timu iliyokuwa ikifungwa tisa ikaanza kufunga wengine, hadi timu pinzani zikawa zinatuma watu kuchungulia kwenye madirisha ya chumba cha kufulia, wanarudi makwao wakiwa wamejifunza kukunja foronya.

Hapa ndipo ukurasa wa tatu unapoanzia, na msomaji haruki.

Tarehe 22 Mei 1999, siku ya Jumamosi, timu ya hospitali ilicheza fainali ya kombe la taasisi dhidi ya kiwanda cha saruji, na mganga mkuu alikuwa ameahidi kwamba kombe likija, uwanja utasawazishwa na kuwekewa nyasi. Matokeo yalikuwa bao moja kwa bao moja, zimebaki dakika mbili, mchezaji namba tisa, mfanyakazi wa bohari ya dawa, kijana mwenye mbwembwe nyingi kuliko pumzi, akaupata mpira, akawapita watu wawili, golikipa akamtokea, na kushoto kwake, peke yake, lango wazi, alikuwepo mkunga wa wodi ya wazazi, gongo chini, akiita, "Hapa, hapa, jamani hapa." Namba tisa alimwona, na hili lieleweke, alimwona, lakini alikuwa amesikia watu wakilitaja jina lake la utani jukwaani, basi akaubeba mpira kwenye gongo na kuanza kuurusharusha juu kama mtu anayepepeta, na watu kweli wakacheka, wakacheka mpaka beki mmoja wa saruji, mama mwenye mwili wake, alipofika akauchukua bila haraka, na kutoka hapo zikapigwa pasi tatu, tulivu, za kusukuma, zisizo na "ko" hata moja, likawa bao la pili na mpira ukaisha. Wanaosema marehemu alizipigia makofi zile pasi tatu hawasemi uongo.

Jumatatu yake timu iliitwa ofisini kwa mganga mkuu, akauliza nani aliyemwambia mtu yule acheze vile, na wote walijua kwamba ajira ya namba tisa ilikuwa inathibitishwa wiki ileile, na kwamba mkuu alikuwa tayari ameshika kalamu. Marehemu akasimama kabla hajaulizwa mtu, akasema, "Ni mimi. Nilimwambia asitoe pasi." Namba tisa alikuwa amekaa kwenye benchi hilohilo, mdomo umejaa maneno, akainua macho kwenye kalenda ya ukutani, akaisoma kuanzia Mei mpaka Desemba. Mwalimu akavuliwa timu siku hiyo. Kwa misimu mitatu alitazama mechi akiwa nyuma ya kamba za kuanikia, kati ya shuka na shuka, na watu wakawa wanamwita mwalimu wa pasi aliyesahau pasi nyumbani, na aliyekieneza kichekesho hicho, kila alipopewa nafasi, mpaka watu wakashika mbavu, alikuwa namba tisa mwenyewe. Marehemu alikuwa akikisikia. Alipoulizwa na mumewe kwa nini asiseme ukweli, alijibu kwamba mpira alishautoa, anasubiri urudishwe.

Hakukaa bure miaka hiyo, aliwakusanya wafagizi, wapishi na wabeba machela kwenye kijia cha nyuma ya chumba cha kufulia, makopo yaleyale, vidole vilevile, na timu ilipozidi kuzama mkunga akaongoza wenzake kwenda kwa mganga mkuu kumwomba arudishwe, akarudishwa Agosti 2002 na wapishi wake nyuma, na tarehe 19 Juni 2004 hospitali ikatwaa kombe kwa bao lililotokana na pasi kumi na moja, moja kwa kila mchezaji, golikipa akiwemo, na ya mwisho ikamkuta mkunga yule yule, gongo chini. Uwanja ukawekwa nyasi, na leo mnapopita pale mkaona pamenyooka, mjue nani alinyoosha. Wachezaji wake wawili waliitwa timu ya taifa, mmoja wao alikuwa mpishi wa uji wa wagonjwa. Marehemu alistaafu kazi tarehe 30 Aprili 2016, na kufundisha hakustaafu.

Mwezi Septemba 2022 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa akitokea nyumbani, na Mei 2024 akalazwa katika hospitali ileile, wodi ya pili, kitanda cha dirishani, ambako siku ya kwanza alikagua kona za shuka na kumwagiza muuguzi amwite mhusika. Tarehe 18 Mei 2024 namba tisa alikuja kumwona, nywele zimeingia mvi, akakaa, akataka kuanza kusema, na marehemu akamzuia, akaagiza ile pasi ya mkaa iletwe kutoka nyumbani, ikawekwa kwenye meza ya chakula ya mgonjwa, akalaza mkono wake upande wa pili, kiganja wazi, akasema, "Toa." Namba tisa akaisukuma. Ilikwenda kimya, ikasimama kwenye vidole vya marehemu, haikupungua wala haikuzidi, naye akasema, "Imechelewa miaka ishirini na mitano kasoro siku nne, lakini imefika. Sasa na wengine wapelekee." Alifariki dunia tarehe 12 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, majirani waliohamishia viti vyao vyote kwetu wakabaki wanakula wima, watumishi wa idara ya ufuaji walioamka leo kunyoosha shuka lililofunika jeneza, na alione kila mtu, halina mkunjo, na timu ya kiwanda cha saruji iliyokuja na magongo yake, na tunamshukuru kwa namna ya pekee mama beki, ambaye bado ana mwili wake.

Mwisho, shemeji ameandika hapa chini kwa kalamu nyekundu kwamba mchezaji namba tisa asimame ili watu wote wamwone, na agizo hilo haliwezi kutekelezwa, kwa kuwa amesimama mbele yenu tangu mwanzo, ndiye aliyeshika karatasi. Dada, gongo chini, lala kwa utulivu, pasi umeipokea, na aliyeichelewesha ni mimi, ambaye hata leo, tazama, nimepewa kipaza sauti dakika tano, nimekaa nacho dakika ishirini.