Mistari ya Sufu kwenye Magongo ya Mhandisi

Mheshimiwa Katibu Tarafa, Ndugu Mkuu wa Makazi ya Wakimbizi ya Katumba, Padri wetu, Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, wageni waalikwa, akina mama wafumaji, na nyie mgambo mliosimama pale kwenye lori: nimewataja mwisho, lakini ndio ninaowaogopa kwanza.

Mnanifahamu. Mimi ni Kasimiri, fundi baiskeli wa Litapunga. Darasa la nne nimelisoma mara mbili kwa kulipenda, na Ndola, nchi ya jirani, nimefika kutafuta kazi. Leo nimeambiwa nitoe shukrani kwa kufunguliwa nyumba hii ya ufumaji. Nitashukuruje, ndugu zangu, wakati mwenyekiti wa wafumaji wenyewe, Mama Goreth, amekaa chini kati ya mgambo wawili, na lori la kumpeleka Mpanda limeshatiwa mafuta?

Gunia hili nimelikumbatia kwa mikono miwili. Msiseme ni zito. Ni woga.

Habari yenyewe ni hii. Mhandisi wa visima, kabla ya kwenda likizo kwao Ulaya, alimwomba Mama Goreth amfumie kofia za kufunika vichwa vya magongo yake ya gofu. Gofu ni mchezo wa kupiga kipira kwa gongo, halafu mtu mzima na akili zake anakifuata kwa miguu akikitafuta majanini. Mpanda nzima anayeujua mchezo huo ni mimi, na nimeujua kwa mgongo, maana Ndola niliwabebea Wazungu magongo hayo. Mama Goreth akafumua masweta ya zamani, mimi nikampa spoki za baiskeli ziwe sindano, akafuma. Kofia ya gongo namba moja akaitia mstari mmoja, ya namba tatu mistari mitatu, ya namba tano mitano, ili mwenye magongo asihangaike kuvua kila kofia akitafuta analolitaka.

Juzi Ndugu Maximilian wa mgambo akazikuta zimeanikwa uani, akaiona mistari kama ya sajini.

"Mama, vyeo hivi vya nani?"

"Vya Mhandisi."

"Kwani Mhandisi ana jeshi?"

Mama Goreth akanyamaza. Jamani, mtu aliyekimbia kwao mwaka sabini na mbili, mumewe ameitwa barabarani na wenye bunduki na hakurudi, ukimuuliza habari za jeshi akujibu nini? Kimya chake kikahesabiwa kuwa amekiri. Sasa inasemwa anafumia askari wa siri wa kuvuka mpaka, na tunasikia atarudishwa kwao alikokimbia. Nani hapa hajui anarudishwa kwenye nini?

Simlaumu Maximilian. Kwa mistari mitatu hata mimi ningepiga saluti.

Lakini gongo moja Mhandisi aliniachia, la kupimia kofia hizo. Limo humu kwenye gunia. Nalitoa polepole. Polepole, jamani! Maximilian, mdogo wangu, toa kidole hapo kwenye bunduki, nina watoto nyumbani. Haya, hili hapa. Ndugu Mkuu, kofia mnayoiita ushahidi iko mezani kwako. Nakuomba ulivishe gongo hili wewe mwenyewe, mbele ya watu.

Asante. Imeingia. Imekaa kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Kuna bunduki yenye kichwa cha namna hiyo? Kuna askari mwenye bega la namna hiyo?

Mheshimiwa Katibu Tarafa, unanitazama sana, na sijui macho hayo yanasema nini. Naogopa, sifichi. Ila huyu mama akipandishwa lori, na mimi napanda, kwa sababu sindano zilikuwa zangu.

Asanteni kwa kunivumilia. Ndugu Mkuu, mimi nakaa. Gongo bado unalo mkononi, na Mama Goreth anakutazama.